Machicha Katika Mkebe wa Biskuti

Sidab, Maskati
12 Novemba 1967

Mwanangu Majid, fahari ya mama yako,

Barua hii ikukute mzima na umevaa kitu kizito kifuani. Sisi huku hatujambo. Dada yako Masouda anakusalimu. Amerefuka, mashallah, na Kurani anaisoma kwa sauti inayowasimamisha wapita njia. Mimi goti la kushoto linaniuma nikipanda kilima cha kwendea Maskati, nikishuka haliumi, kwa hivyo naona si ugonjwa. Nyumba tumeipaka chokaa. Hapana nyumba nyeupe kama yetu Sidab nzima, na haya si maneno yangu, yamesemwa na jirani yetu Rahila, mtu ambaye hasifu kitu.

Khabari kubwa ni kwamba tuna ng'ombe. Anaitwa Mahbuba, mwekundu, ana baka jeupe usoni. Ila ng'ombe wa huku, mwanangu, chakula chao dagaa wakavu na kokwa za tende zilizochemshwa, na maziwa yao ukiyatia kwenye chai unaona kama umeikoroga kwa mkia wa samaki. Nimezoea. Mtu aliyetoka Unguja na nguo alizovaa huzoea mengi.

Sasa jambo lenyewe. Umri wa kuoa umeufika na umeupita. Nimekuonea Muhsina, mtoto wa Bwana Harub, wale waliokuwa Wete, Pemba, wakarudi huku kabla yetu. Siku hizi wanakaa Maskati, ndani ya ukuta wa mji. Msichana mzuri, mikono yake inajua kazi, na akiongea husema neno lenye maana. Nimekwenda kutia neno kwa mama yake, Bi Hind. Akanipokea vizuri, akaniuliza mwanangu anafanya kazi gani huko Uingereza. Barua yako ya mwisho ulitaja kiwanda cha sukari, basi nikamwambia wewe ni bwana mkubwa wa sukari. Sikuona uongo hapo. Mtu aliyekaa skuli ya kilimo miaka yote hiyo atakuwa nani? Lakini Bi Hind ni mtu wa kuulizauliza. Niletee neno zuri la kumjibu, na lisiwe refu.

Mamako,
Mahfoudha

*

Nje ya Norwich
28 Januari 1968

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na nakubusu mikono yote miwili. Mimi mzima. Theluji inafika magotini, lakini ninaposhinda mchana pana joto la kutosha. Mwambie Masouda asisome kwa nguvu mno akaharibu koo. Na goti lako, Mama, lipake mafuta ya moto, usilingoje liamue lenyewe.

Ulitaka neno. Sukari ya hapa haitoki kwenye miwa. Wanapanda viazi vikubwa vyeupe, vitamu, wanavikata vipande vyembamba, kisha wanautoa utamu wake kwa maji ya moto. Kinachobaki ni machicha, kama tunavyobakiwa na machicha ya nazi tukishakamua tui. Machicha hayo wanapewa ng'ombe, na ng'ombe wanayapenda kuliko majani. Kiwandani wanatengeneza sukari. Mimi simo kiwandani. Nipo upande wa machicha, kwenye shamba moja kubwa.

Kuhusu skuli, mambo yapo kama yalivyo.

Muhsina namkumbuka. Sikukuu moja walikuja kwetu Unguja, yeye na kaka yake Thani, akakataa kugusa biriani mpaka paka wetu apewe kwanza. Sijamsahau. Ningefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kwa ajili hiyo nakuomba, Mama, usimwambie Bi Hind neno ambalo mimi nitakuja kushindwa kulibeba.

Mwanao,
Majid

*

Sidab
20 Aprili 1968

Mwanangu Majid, mwenye elimu yake,

Tumefurahi mpaka Masouda akaisoma barua yako mara ya pili kwa sauti ya Kurani, nikamkataza. Goti limepona, sikupaka kitu. Mchele wa mwaka huu mbaya, umejaa vijiwe. Rahila kaoza mtoto wake kwa mtu wa Quriyat, na karamu ilikuwa ya kawaida. Nilikula kwa adabu.

Nimewaeleza watu khabari ya viazi. Nimewaambia Ulaya ng'ombe wanalishwa vitu vya sukari, ndiyo maana maziwa yao hutoka yameshakolea, mtu hana haja ya kijiko. Rahila akauliza, je, anayetaka chai kavu isiyo na sukari? Nikamwambia wana ng'ombe wengine wa watu hao.

Bi Hind nimemwambia wewe ndiye mkuu wa upande. Mwenyewe umeandika upo upande wa machicha, na upande haukosi mkuu, na katika barua yako sikuona mtu mwengine ametajwa.

Bi Shaikha, yule bibi yake Muhsina kizaa baba, huvuka kilima kila Ijumaa kuja kumtazama Mahbuba. Ana miaka sabini na ushee na bado anakwenda mbio kuliko mimi. Humshika kiwele, humfunua meno, humnusa pumzi. Anampenda mno ng'ombe wetu. Ndama alipoacha kunyonya alimtaka, nikampa. Na kila asubuhi Masouda anampelekea nusu ya maziwa. Unanijua mimi si mtu wa choyo. Ila naye siku hizi analalamika harufu ya dagaa, na mtu ambaye tunataka mjukuu wake haifai alalamike.

Basi tuletee hayo machicha kidogo tumjaribie Mahbuba. Maziwa yakitoka mazuri, hapo hata Bi Hind hatakuwa na la kuuliza.

Mamako,
Mahfoudha

*

Nje ya Norwich
3 Novemba 1968

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Unisamehe kwa kimya. Tangu mwezi wa tisa viazi vinavunwa, malori ya machicha yanakuja usiku na mchana yakitoa mvuke kama sufuria iliyo motoni, na mtu hapati nafasi ya kukaa. Mimi mzima, viganja tu vimepasuka kwa baridi.

Nimekuletea machicha ya Mahbuba. Haya si mabichi, yangeoza njiani. Ni yale yaliyokaushwa na kutiwa asali nyeusi inayobaki kwenye sukari, kwa hivyo yamekuwa vijiti vigumu vya rangi ya kahawa. Nimeyatia katika mkebe wa biskuti aliokuwa nao mama mwenye nyumba yangu, kwa sababu mfuko hupasuka. Mkebe nimempa baharia wa Maskati niliyekutana naye London, meli yake inapita huko. Barua hii inakwenda kwa posta, nadhani itatangulia.

Sikiliza vizuri, Mama. Usimpe makavu. Yatie kwenye ndoo, uyamiminie maji mengi, uyaache toka adhuhuri mpaka jioni. Yatavimba mpaka ndoo ijae. Akila makavu kisha akanywa maji, yatamvimbia tumboni, na ng'ombe anaweza kufa. Anza na konzi moja tu, uchanganye na chakula chake alichozoea.

Bi Hind umemwambia nini tena?

Mwanao,
Majid

*

Sidab
9 Februari 1969

Mwanangu Majid, uliyeniinua kichwa,

Salamu zisizo na idadi. Barua yako hatujaiona tangu Januari ya mwaka jana, na mtu mwengine angenuna, lakini mimi nimepata kitu bora kuliko barua. Baharia kaja mlangoni na mkebe, kasema, huu umetoka kwa Majid. Mkebe wa kifalme, una picha ya gari la farasi na mabibi wenye kofia. Masouda keshanipora ahadi kwamba ukiwa mtupu ni wake wa kutilia nyuzi.

Na ulivyokuja siku yake, ni Mungu tu. Kesho yake Bi Hind na Bi Shaikha walikuwa wanakuja kuitazama nyumba. Hawakusema wanakuja kutazama nyumba, walisema wanapita. Halwa iliyokuwa sokoni haikunipendeza, nayo tende kila mtu anazo. Nikaufungua mkebe. Vijiti vya rangi ya kahawa, vikavu, na harufu ya sukari iliyoungua, harufu tamu mpaka Masouda akafumba macho. Nikasema hizi ndizo biskuti za watu wakubwa, si zile laini za kitoto. Nikazipanga kwenye sinia la shaba, katikati nikaweka dele la kahawa, nikawakaribisha.

Bi Hind alitia kimoja kinywani akakiweka shavuni, na hapo kikakaa. Huyo ana haya. Bi Shaikha alikitafuna. Alitafuna muda mrefu, akautazama mkebe, akanitazama mimi, akauliza kama hivi vinatoka huko huko kwa Majid. Nikasema huko huko, anavisimamia mwenyewe. Akatia cha pili. Akauliza kama Mahbuba ameshaonja. Nikacheka, nikamwambia tunu kama hii ng'ombe ataijulia wapi.

Basi mwanangu, wakala, kwa sababu niliwakalia pale na kuwasogezea, na mgeni wa watu wenye adabu hakatai. Wakanywa kahawa, wakataka maji, wakanywa tena maji. Nilipoleta wali wa samaki nguru, ule unaoujua, wakasema wameshiba. Bi Hind alikuwa ameshika tumbo. Vitu vya Ulaya havina mchezo, viwili vitatu tu vinamshibisha mtu mzima.

Wakati wa kuondoka Bi Shaikha alipita uani, nikamwona anamlisha Mahbuba kijiti kwa kiganja. Nikausamehe uzee. Kisha akaniambia nifunike mkebe vizuri na nisimpe mgeni mwengine yeyote. Unaona jinsi alivyovipenda.

Jibu la posa bado. Ila walivyoshiba vile sidhani watakataa. Yale machicha ya ng'ombe usiyasahau.

Mamako,
Mahfoudha

*

Nje ya Norwich
2 Mei 1969

Mama yangu,

Shikamoo. Kwanza kabisa niambie Bi Shaikha na Bi Hind ni wazima.

Mkebe ule haukuwa na biskuti. Yale ndiyo machicha. Ni chakula cha ng'ombe, Mama. Nilikuandikia barua mwezi wa Novemba kueleza kila kitu, sijui iko wapi. Hayana sumu, lakini yanavimba yakipata maji, ndiyo maana wali wako haukuguswa. Yaliyobaki yaroweke umpe Mahbuba. Wageni usiwape.

Na mimi nna langu, nimeliweka muda mrefu, naliandika ukurasa huu wa pili kabla sijabadili nia.

Sipo skuli. Niliacha mwaka ule ule mliotoka Unguja, kwa sababu aliyekuwa ananisomesha alikuwa marehemu Baba. Tangu hapo nnalisha ng'ombe wa Mngereza mmoja, mwenye shamba. Asubuhi nnachota machicha kwa uma wa chuma, nnayapeleka kwenye hori, jioni nnachota tena. Mimi si mkuu wa upande. Upande wote ni mimi na uma. Kila barua nilitaka kukwambia, na kila barua yako ilikuwa imeshanipandisha cheo kabla sijaanza.

Swali moja, na usinikasirikie. Bi Shaikha huja kumkagua meno kila Ijumaa, ndama kamchukua yeye, na nusu ya maziwa inakwenda kwake. Mama, ng'ombe ni wa nani?

Mwanao,
Majid

*

Sidab
25 Julai 1969

Mwanangu Majid, kipenzi,

Sisi wazima. Joto la mwaka huu limekausha hata maneno, tunalala juu ya dari na mikeka tunairowesha maji. Masouda kaposwa na mtu, nikamkataa, masikio yake hayakunipendeza. Bi Shaikha na Bi Hind wazima kabisa, tena Bi Hind kanenepa.

Barua yako imefika lakini imelowa. Ukurasa wa kwanza unasomeka. Wa pili umekuwa wino mtupu, nimeuanika juani, sikuambulia hata neno. Basi usijisumbue kuyaandika tena yaliyokuwemo.

Ile barua yako ya Novemba nayo imefika, mwezi wa sita, imezunguka Bombay. Niliyosoma nimeyasoma. Mkebe nimeumalizia kwa Mahbuba, nikaroweka toka adhuhuri mpaka jioni kama ulivyoagiza, na siku zile maziwa hayakunuka dagaa hata kidogo. Bi Shaikha alikuja Ijumaa, akaonja, akasema sasa yamefika kwa mwenyewe. Nikajifanya nashughulika na kamba.

Kuhusu Mahbuba, ng'ombe hajambo, anakusalimu.

Masouda anakufumia glavu za sufu. Uma wa chuma asubuhi na baridi hiyo lazima unakata viganja. Na baba yako, Mungu amrehemu, alipokuwa kijana kama wewe alikuwa akibeba magunia ya karafuu kwa mgongo wake mwenyewe, na sikumwona mdogo kwa hilo, nilimwona mrefu. Nimekumbuka tu, sijui kwa nini.

Bwana Harub hajasema hapana wala hajasema ndiyo. Anataka jicho lake lione. Sasa sikiliza. Thani, mtoto wake, anafanya kazi kwenye kampuni ya mafuta, na mwakani wanampeleka Uingereza miezi mitatu kujifunza mambo ya mashine. Kaambiwa na babake aje kukutazama, kisha arudi aseme mbele ya wazee alichokiona. Siku atakayokuja vaa suti. Azima kama huna. Mkalishe mahali penye meza na umpe chai kwa sahani yake. Usimpeleke kwenye ng'ombe, ng'ombe keshawaona huku.

Muhsina wanamtaka watu wengine wawili. Mmoja ana duka.

Mamako,
Mahfoudha

*

Nje ya Norwich
14 Juni 1970

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Glavu zimefika zote mbili, moja kubwa moja ndogo, mwambie Masouda nazivaa hivyo hivyo.

Thani alikuja. Suti niliazima, nikaitundika tayari kwa Jumapili. Akaja Jumamosi. Alinikuta zizini, nimechafuka mpaka nyusi, nawasogezea machicha ng'ombe wanaonisukuma kwa vichwa. Alisimama getini muda, mimi simuoni. Kisha akavua koti lake akalitundika, akauliza uma mwengine uko wapi. Tulimaliza safu nzima, hatukuzungumza la maana. Jioni tukala mayai jikoni kwa mama mwenye nyumba. Pamoja na yote, Mama, nilicheka siku ile kuliko mwaka mzima.

Usiku aliniuliza aseme nini akirudi. Angeweza kusema lolote, mwenyewe ndiye aliyeniambia. Nikamwambia aseme alichokiona, asipunguze. Nikamwambia nnamtaka Muhsina, sina la kuficha katika hilo, lakini nnamtaka ajue anaolewa na nani. Akija kwa uongo, kila siku nitakuwa nasubiri siku atakayojua. Wakimpa mwenye duka, basi.

Najua ukurasa wa pili uliusoma. Glavu zimeniambia. Sikuulizi kitu kingine, nakuomba tu hiki: siku Thani atakapokuwa anasema, usimsaidie.

Mwanao,
Majid

*

Sidab
10 Septemba 1970

Mwanangu Majid,

Salamu za watu wote, na leo nitazifupisha. Masouda hajambo. Goti limerudi. Huku tangu mwezi wa Julai mambo yamegeuka, tuna Sultani mpya, utakuwa umesikia redioni: watu waliokwama nje wanaitwa warudi, na kila meli inashusha mtu ambaye mamake alikwishamkatia tamaa. Mjini watu wanatembea usiku bila taa, jambo lililokuwa marufuku, na hakuna anayewauliza.

Thani karudi. Juzi baada ya alasiri tuliitwa kwa Bwana Harub. Mimi nilikaa ndani na Bi Hind na Bi Shaikha, nimevaa kanga yangu mpya chini ya buibui ingawa hapana aliyeiona. Muhsina alileta kahawa akaondoka, lakini nyayo zake hazikwenda mbali, nilizisikia zimekomea nyuma ya pazia. Bwana Harub alikaa kizingitini, na nyuma yake barazani wazee na jamaa wakisikiliza. Thani akambusu bibi yake kichwani, akaketi. Ulinikataza nisimsaidie, basi niliuma ncha ya buibui.

Bwana Harub akamwambia aseme. Thani akasema, "Analisha ng'ombe."

Mwanangu, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye jamvi. Nilikuwa nasubiri wanyanyuke.

Bi Hind akauliza ng'ombe wangapi. Thani akasema wanafika mia tatu.

Bi Hind akaweka kikombe chini. Hapa Maskati, kuanzia sisi Sidab mpaka Quriyat, nani aliona ng'ombe mia tatu kwa pamoja? Mwenye watatu anaitwa tajiri. Bwana Harub akaanza kukupigia hesabu ya samli. Thani maskini alijitahidi. Akawaambia unawalisha kwa mikono yako, peke yako, kwa uma, ndani ya uchafu. Bi Hind akasema hayo ndiyo malezi, mtu ana mali yote hiyo na hakai kitako. Kila alichosema kukushusha kilikupandisha. Kwa sababu huku kwetu ng'ombe hulishwa na mwenyewe, uani kwake, na watu hawakuweza kufikiri kwamba kuna mtu ana ng'ombe mia tatu na hajui hata mmoja wao anakula nini.

Utukufu wote niliokuwa nikiutafuta nimepakatishwa, na sikuuomba, wala sikusema neno la uongo. Ningeweza kunyamaza tu. Nilinyamaza, kwa kweli, muda wa kikombe kizima. Nikamtazama Bi Shaikha, naye peke yake hakuwa akifurahi. Alikuwa ananitazama mimi. Kisha nikasikia nyayo za yule mtoto zimesogea kwenye pazia, nikawaza atakavyoshuka huko siku moja, aulize ng'ombe wetu wako wapi.

Nikasema, "Si wake. Wana mwenyewe, Mngereza. Yeye anawalisha tu."

Bi Hind akadhani namstahi Mungu, kama mtu anayesema mali yote ni Yake. Ikabidi niseme tena, na mara ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Nikasema skuli umeacha, na cheo huna, hicho cheo nilikupa mimi. Hapo akanielewa. Uso ulimbadilika, akaanza kukusanya vikombe ambavyo watu hawajamaliza. Akasema kwa hivyo tumetoka kwenye mia tatu tukafika kwenye hakuna, na kahawa bado ya moto.

Bi Shaikha akamshika mkono akamkalisha. Akasema, "Ng'ombe wangu yuko kwa Mahfoudha mwaka wa tatu huu. Sijapata kuja nikakuta hori kavu. Mwenye duka ana nini cha kunionesha?"

Ng'ombe wangu, alisema, mbele ya watu wote. Mimi niliangalia jamvi. Uliniuliza zamani na sikukujibu, basi umejibiwa na mwenyewe.

Bi Hind alinuna, na bado amenuna, lakini katika nyumba ile Bi Shaikha akisema huwa limekwisha. Bwana Harub akasema aulizwe msichana. Bi Shaikha akaenda nyuma ya pazia, akarudi na jibu. Muhsina hakuuliza una nini. Anauliza kama unakuja wewe, au anatakiwa kwenda yeye kwenye hiyo baridi. Nikajibu kwa niaba yako kwamba unakuja. Bwana Harub anasema mtu anayejua kushibisha wanyama wengi namna hiyo hatakosa kazi nchi hii sasa, na shamba lake la Quriyat lina mahali pa ng'ombe. Mimi sikuongeza kitu. Muulize Thani.

Basi muage huyo Mngereza vizuri, umrudishie uma wake, uje. Njoo kabla ya Ramadhani ili ndoa iwe baada ya Idi. Suti uliyoazima uirudishe, huku utavaa kanzu.

Jambo moja nikuandae. Wakati narudi, kilimani tu, Rahila alinisimamisha. Kwa Bwana Harub kuna watu wengi, na walioondoka mapema waliondoka na mia tatu yao. Akanishika mikono yote miwili, akaniambia sikujua Mahfoudha, kumbe ndivyo mlivyo. Jua lilikuwa linazama, Mahbuba hajala, na mimi nilikuwa nimeshasema ukweli mara mbili siku ile. Nikamwambia nna haraka.

Kwa Rahila hatuposi mtu, na yeye si lazima ajue. Ukifika, Sidab nzima itakuuliza ng'ombe umewaacha na nani. Waambie umewaacha na mtu mwaminifu sana, ambaye anawapenda kama wake.

Mamako,
Mahfoudha